Mlipeni Fundi Kwanza: Jinsi ya Kuomba Ruzuku ya Kufundisha Ufundi wa Asili

Maandiko mengi ya miradi ya ufundi wa asili huanza kwa sentensi moja: "Utamaduni wetu unapotea." Ni kweli unapotea, lakini mfadhili ameshaisoma sentensi hiyo kutoka kila pembe ya dunia, na haimwambii fedha zake zitafanya nini. Anachotaka kujua ni kidogo, na ni kigumu zaidi kukijibu: nani anaijua kazi hii leo, nani atajifunza kwake, kwa muda gani, na kwa nini hawajifunzi sasa hivi bila ruzuku.

Hilo swali la mwisho ndilo linalowashinda waombaji wengi, ilhali jibu lake liko wazi mtaani. Fundi hana muda wa kufundisha. Mchonga milango akikaa asubuhi nzima na vijana watano, mlango wa mteja umesimama na mteja anapiga simu. Zamani gharama hiyo aliilipa mwanafunzi mwenyewe: alikaa kwa fundi miaka, akafagia karakana, akanoa patasi, akabeba mbao, na jasho lake ndilo lililokuwa ada. Siku hizi kijana huyohuyo anaweza kuendesha bodaboda na kurudi na fedha jioni. Kazi ya ruzuku ni kuziba pengo hilo, yaani kununua muda wa fundi na kumwezesha mwanafunzi kubaki. Andiko lisilosema hivyo kwa namba huwa linaomba fedha za semina.

Mwongozo huu umeandikwa kwa viongozi wa asasi na vikundi vya Tanzania na Kenya. Mifano mingi ni ya pwani kwa sababu huko ndiko kazi ninazozifahamu ziliko, lakini mfinyanzi wa Kyela au msusi wa vyondo wa Machakos atapita njia hiihii.

Hatua ya 1: Wahesabuni mafundi

Kabla ya kufungua kompyuta, chukueni daftari mzunguke mitaani. Kwa kila fundi andikeni umri wake, alijifunza kwa nani, amewahi kumfundisha nani, malighafi anaipata wapi na anauza kwa bei gani. Andikeni pia anachokijua hasa. "Ufundi wa mbao" si jibu. Kuchonga nakshi za mlango, kukereza nguzo za kitanda na kuunda jahazi ni kazi tatu tofauti, na hata ndani ya jahazi, anayejua kukalafati (kuziba mianya ya mbao) huenda asijue kuulaza mkuku (uti wa chini wa chombo) na kupanga mataruma (mbavu zake) kwa jicho bila mchoro. Mkigundua kwamba wakalafati wapo kumi na mwenye jicho la mkuku ni mmoja tu, mmeshajua mradi wenu unahusu nini.

Angalieni namna ya kuuliza. Ukipita kijijini Pemba ukiuliza "Mafundi wako wapi?" utapelekwa kwa wanaume wenye misumeno. Mama aliyesuka ukili tangu utotoni, anayejua miyaa (majani ya mkindu) ikaushwe siku ngapi na rangi ichemshwe vipi isichuje, hajiiti fundi na jirani zake hawamwiti hivyo. Ulizeni "Nani anasuka? Nani alimfundisha nani?" na orodha itabadilika sura. Wafadhili wengi huuliza idadi ya wanawake katika mradi. Ni aibu kuwatafuta dakika za mwisho ilhali walikuwapo tangu mwanzo.

Daftari hilo litawapa sentensi ambayo hakuna mwombaji mwingine anaweza kuiandika. Kwa mfano: "Katika shehia zetu tatu tumewapata watu saba wanaoweza kuchonga ngalawa kwa tezo, mdogo wao ana miaka 58 na hakuna mwenye mwanafunzi." Mfadhili akisoma hapo, anasimama.

Kama daftari linaonyesha kwamba mafundi ni wengi, vijana wapo, ila bidhaa hazinunuliwi, basi shida yenu si mafunzo. Ni soko. Msiombe fedha za darasa kwa sababu tu ndizo zilizotangazwa. Tafuteni fedha za masoko, ubunifu wa bidhaa au ufungashaji. Nimeona makabati yaliyojaa vyeti vya wahitimu ambao hakuna hata mmoja anayefanya kazi aliyofunzwa.

Hatua ya 2: Usajili na karatasi

Hapa hakuna ladha, lakini ndipo maombi mengi yanapofia kabla hayajasomwa.

Tanzania Bara, asasi nyingi za aina hii husajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002. Baada ya marekebisho ya 2019 cheti kina muda wa miaka 10, kwa hiyo angalieni tarehe kwenye chenu. Zanzibar ina sheria yake na mrajisi wake. Cheti cha Bara hakiwapi ruhusa ya kuendesha mradi Unguja au Pemba. Kenya, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024 na kuiondoa ile ya 1990, hivyo NGO za zamani zinapaswa kuhakikisha zimehamia kwenye mfumo mpya. Vikundi vya kijamii huko vina sheria yao ya mwaka 2022.

Wekeni kwenye jalada moja, na nakala zilizoskaniwa kwenye simu za watu wawili: cheti, katiba, namba ya mlipakodi, majina ya wajumbe wa bodi, hesabu za miaka miwili iliyopita, barua ya utambulisho ya sheha, mtendaji wa kata au chifu, na muhtasari wa kikao kilichopitisha mradi, ukiwa na saini. Jina kwenye akaunti ya benki lilingane na jina kwenye cheti herufi kwa herufi. "Umoja wa Wasusi" na "Umoja wa Wasuka Ukili" ni kitu kimoja kwenu. Kwa benki inayopokea fedha kutoka nje ni watu wawili, na fedha zitarudi zilikotoka.

Bodi ya mume, mke na shemeji nayo huonekana mapema kuliko mnavyodhani.

Kikundi kidogo kisicho na hesabu zilizokaguliwa kina njia nyingine: kuomba kupitia asasi kubwa inayokubali kupokea fedha kwa niaba yenu. Njia hii ni nzuri iwapo makubaliano yameandikwa kabla ya maombi kutumwa, yakieleza asilimia gani itabaki kwao kwa usimamizi, nani anaidhinisha malipo, na vifaa vitakuwa mali ya nani mradi ukiisha. Hilo la vifaa msilipuuze. Patasi na meza za kazi zimewahi kuvunja urafiki wa miaka.

Hatua ya 3: Tafuteni fedha inayofanana na kazi yenu

Si kila fedha ya "utamaduni" inalipia kufundisha, na baadhi ya fedha zinazolipia kufundisha hazina neno utamaduni kwenye jina lake.

Kuna kwanza fedha za urithi. Chini ya Mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2007 na Tanzania 2011, nchi inaweza kuomba msaada wa kimataifa, na maombi yasiyozidi dola 100,000 hupita njia fupi zaidi. Mwombaji ni serikali, si asasi. Maana yake mlango wenu uko kwa ofisa wa wizara inayoshughulikia utamaduni au kwenye Tume ya Taifa ya UNESCO, na mnapaswa kumfikia miezi mingi kabla. Tume hiyohiyo hupitisha maombi ya Programu ya Ushiriki ya UNESCO, ambayo kwa mradi wa kitaifa hutoa hadi dola 26,000. Ule Mfuko wa Kimataifa wa Anuwai za Utamaduni, ulio chini ya Mkataba mwingine wa mwaka 2005, unapokea maombi ya asasi, nao hutoa hadi dola 100,000. Lakini jicho lake liko kwenye uchumi wa ubunifu na sera zake. Ukiuandikia kuhusu mila za mababu pekee, umekosea nyumba.

Uingereza ina Mfuko wa Ulinzi wa Utamaduni unaoendeshwa na British Council tangu 2016, na Kenya, Tanzania na Uganda zimo kati ya nchi zake. Sharti lake kuu ni kwamba urithi uwe hatarini kwa sababu ya vita au mabadiliko ya tabianchi. Waunda majahazi wanaoona fukwe zao zikiliwa na bahari wana hoja hapo. Wasusi ambao mikindu yao imepungua kwa ukame wanayo pia. Fundi ambaye shida yake ni viti vya plastiki hana hoja hapo, na asiitunge.

Jumba la Makumbusho la Uingereza nalo lina programu ya maarifa ya vitu vya asili vilivyo hatarini, ilianza 2018 kwa fedha za taasisi ya hisani ya Arcadia. Hiyo inalipia kurekodi namna kitu kinavyotengenezwa, hatua kwa hatua, na rekodi huwekwa wazi mtandaoni kwa kila mtu. Haiendeshi darasa. Inaweza kulitangulia darasa, mkishirikiana na chuo kikuu au makumbusho, ila someni kwanza hatua ya 4 kuhusu siri za fundi.

Pili, fedha za balozi. Japani ina msaada wa miradi ya ngazi ya chini unaolipia majengo na vifaa, si mishahara wala gharama za kila siku: unafaa kwa banda la karakana, haufai kwa posho ya mwalimu. Canada ina mfuko wa miradi midogo ya wenyeji unaotangazwa mara moja kwa mwaka, kwa kazi za miezi michache. Mwaka wa fedha wa Canada huisha 31 Machi, kwa hiyo mafunzo ya miezi kumi na minane kwa kawaida hayakai humo hata yakiwa mazuri namna gani. Fedha za Marekani zilizokatwa ghafla mwaka 2025 zimewafanya waombaji wengi kuhamia kwenye mifuko hii midogo, hivyo foleni ni ndefu.

Tatu, fedha za ajira na stadi kwa vijana na wanawake. Kwa maoni yangu wasusi, wafinyanzi na maseremala wangetazama huku kwanza. Mradi wa kuwapa wasichana kumi kazi ya kipato hauhitaji kutetea nakshi. Nakshi inaingia kama stadi yenye soko. Hapo mtaulizwa kuhusu vyeti. Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya shule, na Kenya, NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, hufanya majaribio ya ufundi kwa madaraja. Ulizeni kama fani yenu imo kabla ya kuahidi cheti.

Mikopo ni jambo jingine kabisa. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri za Tanzania, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba lakini inarejeshwa. Inafaa kwa kikundi kinachouza. Darasa halizai marejesho.

Mkishapata mfuko unaoonekana kufanana nanyi, tazameni orodha ya miradi uliyoigharamia miaka mitatu iliyopita. Mwongozo wa mwombaji unasema kile wanachotamani. Orodha ile inaonyesha wanachokilipia kweli.

Hatua ya 4: Kaeni na fundi kabla ya kuandika

Nashangaa hatua hii inavyorukwa. Andiko linakamilika, fedha zinafika, ndipo mzee anaambiwa kuwa yeye ni "mkufunzi mkuu" siku tano kwa wiki. Mzee anakataa, na ana haki.

Mfuateni kwake, kwa adabu inayostahili, na mzungumze mambo manne. Muda: anaweza kutoa siku ngapi kwa wiki, na msimu gani hawezi kabisa? Fundi wa vyombo hawezi kufundisha wakati wavuvi wote wanataka mashua zao zifanyiwe matengenezo. Malipo: kwa siku anaingiza kiasi gani akifanya kazi yake? Idadi: anaweza kuwashika wanafunzi wangapi? Mtasema ishirini ili mfadhili afurahi, atasema wanne. Msikilizeni yeye. Mwisho, siri: kuna mambo hafundishi ila kwa mwanawe, na kuna ruwaza ambazo ni za ukoo. Yupo pia asiyetaka kurekodiwa video. Makubaliano hayo yaandikwe kwa Kiswahili, asomewe kama hasomi, apewe nakala. UNESCO yenyewe, nchi inapotaka kuorodhesha urithi, hudai ushahidi kwamba jamii husika imeridhia kwa hiari ikijua inaridhia nini. Mfadhili mdogo asipodai, nyinyi jidaini.

Msemezeni pia mwanafunzi mtarajiwa na mzazi wake. Ulizeni swali la bodaboda waziwazi.

Na malighafi? Uganda ilipoandikisha utengenezaji wa nguo za magome, kazi iliyotambuliwa na UNESCO 2005 na kuingizwa kwenye orodha 2008, haikuwezekana kuizungumzia bila kuuzungumzia mti wa mutuba unaobanduliwa gome na kuotesha jingine. Kwenu ni vivyo hivyo. Miyaa inakatwa wapi na kwa idhini ya nani? Mvule una kibali? Tangu Februari 2023 miti ya Afrika ya jamii ya mninga, mkongo na mkangazi imo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hivyo mfadhili makini atauliza mbao zinatoka wapi, hasa kama mnapanga kuuza nje. Wachonga nakshi wa Unguja wanaotumia mfenesi wana jibu jepesi zaidi kuliko wenzao. Kama kupanda mikindu au kununua mbao zenye stakabadhi ni sehemu ya kazi, iwemo kwenye andiko na kwenye bajeti.

Hatua ya 5: Andikeni

Andikeni kwanza kwa Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu, bila fomu. Fundi akisoma au akisomewa aitambue kazi yake. Baada ya hapo mtu anayezijua lugha zote mbili atafsiri kwa ajili ya mifuko inayotaka Kiingereza au Kifaransa. Andiko lililoanza kwa Kiingereza cha ofisini huwa limejaa maneno ya kujenga uwezo na kuwezesha wadau, na hakuna anayejua siku ya Jumatatu saa mbili asubuhi nani atafanya nini.

Linganisheni hizi mbili.

"Mradi utaimarisha uwezo wa vijana katika sanaa za asili ili kukuza utamaduni na kupunguza umaskini."

"Kwa miezi tisa, siku tatu kwa wiki, mafundi wawili wa milango watawafundisha vijana kumi kunoa, kupima, kuchora ruwaza na kuchonga. Kila mwanafunzi atamaliza akiwa amechonga fremu moja kamili itakayokaguliwa na mafundi watatu wasiofundisha kwenye mradi."

Ya pili ina kipimo ndani yake. Hakuna haja ya kuhangaika na sehemu ile ya viashiria, kwa sababu fremu ipo au haipo, na mafundi watatu wameikubali au wameikataa. Katika ufundi tuna bahati kuliko wanaofanya miradi ya uhamasishaji: kazi yetu inashikika. Itumieni bahati hiyo. Kwa wasusi, kipimo kinaweza kuwa mkeka ambao mnunuzi wa mjini amekubali kuulipia bei ya kawaida bila kuambiwa umesukwa na mwanafunzi.

Kwenye sehemu ya uendelevu, ambayo kila fomu inayo, msiandike kwamba "jamii itaendelea na mradi." Semeni nani atabaki na vifaa, wahitimu watafanyia kazi wapi, nani amekubali kuwapa oda. Barua ya hoteli au ya mkandarasi anayekarabati nyumba Mji Mkongwe, ikisema atanunua milango miwili ikifikia kiwango, ina uzito kuliko kurasa tatu za ahadi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000 na Lamu tangu 2001. Majengo ya huko yatahitaji wachongaji muda wote yatakaposimama, na hoja hiyo ni halali kuitumia.

Hatua ya 6: Bajeti

Mpimaji mzoefu husoma bajeti kabla ya maelezo. Hebu tuuhesabu mradi ule wa milango. Bei ni za mfano, kwa shilingi za Tanzania; wekeni za kwenu.

Miezi tisa tuifanye wiki 36, siku tatu kwa wiki: siku 108.

- Mafundi 2 × siku 108 × 25,000 = 5,400,000
- Nauli na chai, wanafunzi 10 × siku 108 × 3,000 = 3,240,000
- Seti za patasi na nyundo za mti, 10 × 120,000 = 1,200,000
- Mbao = 3,000,000
- Kodi ya banda, miezi 9 × 150,000 = 1,350,000
- Mratibu na utunzaji wa hesabu, miezi 9 × 300,000 = 2,700,000
- Picha na kumbukumbu za ruwaza = 600,000
- Ukaguzi wa hesabu = 1,500,000

Jumla ni shilingi 18,990,000.

Tazameni mstari wa kwanza. Ndio mkubwa kuliko yote, na ndivyo unavyopaswa kuwa. Nimeona bajeti za miradi kama hii ambamo ukumbi wa uzinduzi, fulana na bango vinazidi malipo ya fundi, na mratibu analipwa mara tatu ya anayefundisha. Mpimaji haandiki barua kulalamika. Anaweka tu jalada pembeni. Shilingi 25,000 ya fundi msiitoe hewani: itoke kwenye mazungumzo ya hatua ya 4, na mweleze hivyo kwenye maelezo ya bajeti. Msimwombe fundi "ajitolee kwa ajili ya jamii." Mara nyingi yeye ndiye maskini kuliko wote mezani.

Nauli na chai ndizo zinazomzuia mwanafunzi asitoweke mwezi wa pili. Mfadhili akisema halipii posho, elezeni kwamba hiyo si posho ya kikao, ni gharama ya kufika karakanani, na ilipwe kwa mahudhurio.

Mbao za kuharibu zihesabiwe. Mwanafunzi hajifunzi kwa mbao asiyoruhusiwa kuikosea, na bajeti yenye mbao za fremu kumi tu imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kushika patasi.

Mchango wenu wenyewe uonekane hata kama si fedha taslimu: banda mliloazimwa, saa za wajumbe, vifaa vilivyopo. Pigeni thamani kwa uaminifu. Na kama fedha zitakuja kwa dola, pauni au yeni, ulizeni mapema nani anabeba hasara shilingi ikipanda kati ya mkataba na malipo.

Hatua ya 7: Kutuma

Tumeni siku mbili kabla. Saa ya mwisho iliyotangazwa huenda ni ya London au Paris, na mifumo ya mtandaoni huzidiwa na waombaji wa dakika za mwisho. Andikeni majibu kwenye faili la pembeni kisha mnakili, kwa sababu umeme hukatika. Hifadhini ujumbe wa kuthibitisha kupokelewa.

Kuna wanaotoza "ada ya kushughulikia ruzuku." Wafadhili niliowataja hapo juu hawatozi mwombaji chochote. Anayewapigia simu kuomba ada hiyo ni tapeli hata akilijua jina la mwenyekiti wenu.

Hatua ya 8: Jibu likija

Likiwa ni hapana, ombeni maoni ya wapimaji kwa barua fupi ya heshima isiyobishana. Baadhi ya mifuko hutoa, na hayo ni mashauri ya bure. Andiko lilelile likirekebishwa linaweza kwenda kwingine.

Likiwa ndiyo, someni mkataba wote kabla ya kusaini, hasa ratiba ya malipo. Wafadhili wengi hubakiza sehemu ya mwisho hadi ripoti ikubaliwe, na kikundi kisicho na akiba hukwama mwezi wa mwisho. Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2018 zinaitaka asasi kuwasilisha mikataba ya ufadhili inayozidi shilingi milioni 20 kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10. Mradi wetu wa mfano uko chini kidogo ya hapo, lakini mkipata miwili kama huo wasilianeni na ofisi ya Msajili bila kungoja. Nendeni pia TRA au KRA, mamlaka za kodi za Tanzania na Kenya, kuuliza kodi ya zuio kwa malipo ya mafundi, msije mkakatwa nyinyi baadaye.

Kisha kuna suala la risiti. Duka la vifaa litawapa risiti ya mashine. Mama anayewauzia mafungu ya miyaa hatatoa, na mkaguzi hatakubali neno la mdomo. Chapisheni kitabu cha hati za malipo chenye namba: tarehe, kitu, kiasi, bei, jina, namba ya simu, saini au dole gumba, na shahidi mmoja. Mwandikieni mfadhili mwanzoni kwamba malighafi ya kijijini italipiwa kwa hati hizo, mpate jibu lake kwa maandishi. Barua hiyo moja imeokoa miradi kurejesha fedha.

Daftari la mahudhurio lijazwe kila siku, si siku moja kabla ya ripoti. Picha zipigwe za mikono na kazi inavyokua, siku ya kwanza, mwezi wa tatu, mwezi wa mwisho, kwa ruhusa ya wanaopigwa. Mwanafunzi akiacha, andikeni kwa nini. Mabadiliko ya bajeti yaombewe idhini kabla, hata kama ni kuhamisha fedha za nauli kununua mbao. Na mkifikia mwezi wa saba mkaona kwamba wanafunzi wanne kati ya kumi ndio watakaofikia kiwango, mwambieni mfadhili mwezi huohuo, mkipendekeza muda uliobaki utumike kwa hao wanne pamoja na oda ya kwanza ya kweli.